Meli ni Nyumba au ni Barabara

Asubuhi ile nilitoka mtaa wa Migosi bila kujua naenda wapi. Hilo halikuwa jambo jipya kwangu. Shule niliiacha darasa la saba bila kungoja matokeo, na tangu hapo nilikuwa nimepakia mchanga, nimeuza viatu vya mitumba, na hata nimeajiriwa kulinda kuku ambao tayari walikuwa wameibwa. Kila nilipoanza kuizoea kazi, miguu iliwasha. Safari hii rafiki niliyekuwa nikilala kwake alikuwa ameoa, na chumba kilikuwa kimoja. Bibi arusi alinisalimu kwa adabu kubwa na kuniuliza kama napenda chai yenye tangawizi. Ilikuwa adabu ya mtu anayesubiri uondoke. Nikatia shati, taulo na sabuni katika mfuko, nikashuka mjini.

Mimi ni mtoto wa Kisumu. Kwetu tulikuwa Waislamu wa mchanganyiko, babu wa pwani na bibi wa upande wa Uganda, na Kiswahili ndicho tulichotumia kugombania chakula. Kidholuo, lugha ya Wajaluo, nilikiokota mitaani pamoja na matusi yake. Kwa hiyo upande wowote wa ziwa ningeelewana na watu. Shida ilikuwa kuchagua upande, na pia kuchagua namna ya kwenda. Pale chini mjini unaweza kukata kwenda steji ya mabasi, au kunyoosha mpaka bandarini. Siku hizi nasikia wageni hupewa vitabu vya picha vya kuwasaidia kuchagua kati ya safari ya nchi kavu na ya majini, huku twiga, huku mawimbi. Mimi nilikuwa na njia yangu. Nilisimama hapo na kumngoja mtu wa kwanza kunisemesha, na alikonielekeza ndiko nilikokwenda.

Wa kwanza kunisemesha siku hiyo alikuwa amejificha nyuma ya mkokoteni wa miwa.

Alikuwa mwanamume mnene wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti la kahawia lililombana mabegani na viatu vilivyong'aa. Mwenye miwa alipousogeza mkokoteni kufuata kivuli, huyu bwana alisogea nao, amechuchumaa.

"Omera, ndugu yangu," aliniita kwa sauti ya chini, "hebu niangalizie pale steji. Kuna mama mwenye kitenge cha kijani na mwavuli mweusi?"

Nikaangalia. "Yuko."

"Anatazama huku?"

"Jicho moja limefungwa bandeji. Lile lingine linatazama huku."

Akazama zaidi.

"Umemwibia nini?" nikamwuliza.

"Ndiye amemzaa bibi yangu."

Nikaelewa nusu ya mambo. Kwa Wajaluo wa wakati huo, na kwa wengi hata leo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawali wakitazamana. Mkwe halali katika boma la mama mkwe, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini kama mtu aliyemkumbuka mbuzi wake. Sasa basi la Kendu, mji wa ng'ambo ya ghuba, lilipanga watu kama samaki juani, goti kwa goti, na huyu bwana alikuwa amefika steji akiwa tayari kupanda, akamkuta mama mkwe wake ameshakata tiketi.

Nusu ya pili alinieleza huku mwenye miwa naye akisikiliza. Mkewe alikuwa amerudi kwao, nyuma ya Kendu Bay, tangu mvua za kwanza. Leo ndiyo siku wazee wa kwao walikubali kukaa wamsikilize. Baba mdogo wa mkewe alikuwa ametuma neno kwamba mkwe asipoonekana leo mchana asijisumbue tena, mtoto wao amerudi na amerudi kabisa. Mama mkwe naye alikuwa amekuja Kisumu kutibiwa jicho, na alikuwa anawahi kesi ile ile, maana bila yeye wazee hawangeanza.

"Kwa hiyo lazima mfike wote," nikasema.

"Lazima."

"Na hamwezi kwenda pamoja."

"Haiwezekani."

"Sasa shida iko wapi? Mmoja apite barabarani, mwingine apande meli. Meli ya Kendu inaondoka asubuhi hii."

"Na nani achague?" aliuliza. "Yeye ni mkubwa, achague yeye. Lakini nitajuaje amechagua nini? Siwezi kumwuliza." Akanitazama kama mtu anavyotazama ngazi iliyoegemea ukuta ambao alikuwa anatafuta namna ya kuupanda.

Nikaenda. Sikuwa na kazi nyingine, na kwa kweli ningekwenda hata bila kuombwa.

Mama alikuwa mwembamba, amekaa juu ya kreti la soda, kikapu chenye mkate na sukari miguuni pake.

"Oyawore, Mama," nikamwamkia kwa Kidholuo.

"Oyawore. Amekutuma?"

Nikajidai sielewi.

"Nimemwona akikimbia," alisema. "Mtu mnene akikimbia hafichiki, mwanangu. Mwambie apande basi. Mimi nitakwenda na meli."

"Lakini umeshakata tiketi ya basi."

"Meli humtapisha. Siku alipokuja kumchumbia binti yangu alishushwa Kendu amebebwa na wajomba zake kama gunia. Tulidhani wametuletea maiti aoe."

Nikarudi kwenye miwa na jibu hilo. Bwana mkwe alishika kichwa. "Mama mzee, jicho moja, apande ngazi za meli kwa sababu ya tumbo langu? Watu watasema nini? Mwambie mimi nimeshakata shauri. Napanda meli."

Nikarudi steji. Mama akasema, "Mwambie amezaliwa na watu wazuri. Lakini meli ni yangu."

Nikarudi kwenye miwa. Bwana akasema, "Mwambie asante sana, lakini hapana."

Nilienda na kurudi mpaka makanga wa basi akadhani natafuta abiria, akataka kunifukuza. Nilipomweleza, naye akaingia. Fundi viatu akaingia. Mama wa maandazi akageuza jiko lake ili asikie vizuri.

"Meli ni ya watu wazima," alisema fundi viatu. "Unakaa, unakunywa chai, unafika. Barabara baada ya Katito ni matope matupu. Juzi gari lilizama, abiria wakasukuma mpaka wakasahau walikuwa wanaenda wapi."

"Lakini gari likizama unashuka unasimama," alisema makanga. "Meli ikizama utasimama wapi?"

"Barabara ina mashimo."

"Ziwa lote ni shimo moja, Mzee! Mashimo mengine unayatakia nini?"

"Na hayo magugu maji?" aliingilia mama wa maandazi. "Yamejaa mpaka kuku wanatembea juu yake."

"Kuku gani hao?" alisema fundi viatu. "Wataje."

Mwishowe nikachoka. Nikamwambia mama kwamba mkwe wake ameshatangulia bandarini, ainuke, asifikiri zaidi, apande basi. Akasema "Haya," na nikamwona kwa macho yangu akipanda na kikapu chake. Kisha nikamtoa bwana mkwe nyuma ya miwa, nikampeleka bandarini. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilianza hata kufikiri kwamba kazi niliyokuwa nikiitafuta miaka yote huenda ni hii.

Meli ilikuwa imefunga gatini, imejaa magunia, vyungu na wanawake wa biashara. Bwana mkwe alilitazama ziwa, na ziwa halikuwa hata na wimbi, akaanza kumeza mate. Tulikuwa tumefika kwenye ngazi niliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa mama. Amekaa upande juu ya boda boda, mwavuli umefunguliwa, kitenge kinapepea, na kijana anayemwendesha amekata pumzi.

Bwana mkwe alitoweka. Sijui mtu wa unene ule alipita wapi. Baadaye nilimkuta ndani ya meli, nyuma ya mapipa.

"Nimemhurumia," mama aliniambia akishuka. "Nimekaa ndani ya basi nikamfikiria vile atatapika, halafu asimame mbele ya wazee na koti chafu. Mkimbize apande basi. Nimemwekea kiti. Nimeacha kikapu changu juu yake ili mtu asikae."

Wakati huo huo tulisikia honi ya basi kutoka juu mjini, ndefu, ya kuaga. Basi la Kendu lilikuwa linaondoka, na mkate na sukari vimekaa dirishani.

Mama alifunga mwavuli. "Liko lingine?"

"Likijaa," alisema kijana wa baiskeli. "Pengine kesho."

Hapo meli nayo ikapiga honi. Hatukuwa na la kujadili. Mama alipanda akapelekwa mbele, bwana mkwe alikuwa nyuma na mapipa yake, na mimi, ambaye sikuwa na haja yoyote na Kendu Bay, nikajikuta nimekaa katikati kama mlango.

Habari ya mkwe na mama mkwe ndani ya meli moja haikuhitaji kutangazwa. Ilienea kabla hatujaliacha gati. Mama mmoja muuza vyungu, mwenye sauti ya kuita ng'ambo, aliichukua kesi mikononi mwake.

"Sikilizeni nyote! Kuanzia hapa kwenye bomba la moshi kwenda mbele ni upande wa mama. Kuanzia hapa kwenda nyuma ni upande wa mkwe. Mtu asiwachanganye!"

Watu walitii kuliko walivyomtii nahodha. Tatizo likawa kwamba jiko la chai lilikuwa mbele na choo kilikuwa nyuma. Bwana mkwe alipotaka chai ilibidi ipitishwe mkono kwa mkono, na ikafika kikombe kikiwa nusu, kwa sababu kila aliyeipitisha aliionja kuona kama ina sukari. Mama alipotaka kwenda choo, muuza vyungu alinituma nitangulie.

"Mama anakuja!" nilitangaza.

Bwana mkwe aliinuka, akazunguka upande wa kushoto akishika vyuma vya ukingo, huku mama akipita upande wa kulia ameinamisha mwavuli. Abiria wa katikati walisimama kuhakikisha hawaonani. Mama alipotoka, tulirudia yote kinyumenyume. Mzungu mmoja aliyekuwa amekaa juu ya begi lake alitutazama kwa heshima kubwa. Nadhani alifikiri ni ibada.

Tulikuwa tumeuvuka mlango wa ghuba ndogo, na Kisumu bado inaonekana, meli ilipoingia kwenye magugu maji. Miaka ile yalikuwa mageni, hatujajifunza kuyaogopa. Yalikuwa yamejisuka kama shamba la kijani lenye maua ya zambarau, yanaelea. Meli iliingia, ikapunguza, ikakohoa, ikasimama. Kukawa kimya. Ndege mweupe alitembea kando yetu polepole, anatupita.

Nahodha alitoka na kipaza sauti cha mkono. Magugu yalikuwa yamejisokota kwenye panka la chini linaloisukuma meli. Vijana wake wangeshuka na mapanga kuyakata, lakini nyuma ya meli ilikuwa nzito, imezama mno.

"Abiria wote mbele!" alisema. "Nyuma iinuke!"

Wote tukaenda mbele, isipokuwa mmoja.

"Wewe wa koti! Mbele!"

"Siwezi, Bwana."

"Huwezi nini? Wewe ndiye uzito wenyewe!"

"Mama mkwe wangu yuko mbele."

Nahodha alishusha kipaza sauti. Yeye pia alikuwa mtu wa ziwani. "Ni mama mkwe kabisa," aliuliza kwa sauti ya kawaida, "ama ni shangazi wa bibi?"

"Ndiye amemzaa."

"Aa," akasema nahodha. Akavua kofia, akairudisha, akaingia ndani kufikiri.

Tulikaa. Jua lilipanda. Vijana wenye mapanga walikaa juu ya ukingo wakisubiri heshima iamue. Mtu mmoja alipendekeza mama ahamishiwe nyuma na mkwe aje mbele, lakini hesabu ya nahodha ilitaka nyuma pasibaki mtu. Mwingine alipendekeza mkwe ashuke asimame juu ya magugu, kwa kuwa kuku husimama. Bwana mkwe alilitazama pendekezo hilo kwa muda mrefu. Aliniita.

"Nikichelewa wataniambia nini wazee?"

"Ulishaniambia watasema nini."

"Basi bibi yangu amekwenda," alisema. Hakulia, lakini alikaa juu ya pipa kama gunia lililokatwa kamba.

Muuza vyungu alikuwa ametusikia. Akavua leso yake ya juu. "Wanawake! Kila mmoja atoe leso!" Walifunga leso moja kwa nyingine, wakazishika juu kwa mikono, ukawa ukuta wa maua na maembe na maandishi, umeigawa sehemu ya mbele ya meli pande mbili. Mama akakaa upande huu. Bwana mkwe aliletwa upande ule, amefumba macho, naongoza mkono wake. Alipoweka mguu wa pili, nyuma ya meli ikainuka, na abiria wakapiga vigelegele. Vijana wakashuka na mapanga.

Ilikuwa kazi ya muda. Leso zilikuwa nyembamba, na watu wawili walikuwa wamekaa hatua chache kati yao, kila mmoja anasikia mwenzake akipumua. Mama ndiye aliyeanza. Alizungumza nami, ingawa nilikuwa nimesimama kwenye pindo la ukuta na yeye hakunitazama.

"Mwulize kwa nini binti yangu alirudi nyumbani."

Nikageuka upande wa pili. "Mama anauliza—"

"Nimesikia," alisema bwana mkwe. Abiria wakasogea wasikie. "Mwambie sijui. Sikumpiga. Sikunywa. Mshahara nilileta."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie binti yangu aliniambia ameolewa na kabati."

Upande wa leso wanawake walicheka, na ukuta ukatikisika. "Shikeni!" alifoka muuza vyungu.

"Kabati?" aliuliza bwana mkwe.

"Kabati. Linafunguliwa asubuhi, linafungwa jioni, halisemi neno. Anauliza habari za kazi, kimya. Anauliza chumvi imetosha, kimya. Siku moja alikaa juani mpaka usiku hakupika, aone kama atagombezwa. Mume alikunywa maji akalala."

Tulisubiri. Chini tulisikia mapanga yakikata. Bwana mkwe alivuta pumzi, na nilidhani atanyamaza tu, tungefika Kendu na aibu hiyo. Lakini alianza kuongea, polepole, kama mtu anayesukuma kitu kizito.

"Mwambie mimi nafanya kazi kwenye mashine za kufuma nguo. Siku nzima ni kelele. Nikitoka masikio yanalia mpaka nyumbani. Nikimkuta amekaa, na kimya, naona ni raha. Nilidhani na yeye anaona raha. Kwetu baba yangu hakumwongelesha mama ovyo. Tuliambiwa hiyo ni heshima. Hata huyu mama, mbona mimi simwongeleshi? Ni kwa sababu namheshimu."

Mama akasema, na safari hii sauti yake haikupitia kwangu hata kwa kujifanya:

"Heshima hiyo ni yangu. Asimpe binti yangu heshima yangu."

Kuna mzee mmoja karibu nami aliyesema "Uwi!" polepole, kama aliyechomwa na mwiba. Muuza vyungu alisahau akashusha mkono, na kona ya ukuta ikaanguka, na wote tukageuza nyuso kumwepusha mama na aibu. Yeye alikuwa ameshafungua mwavuli.

Meli ilitikisika, panka likazunguka, na tukaondoka kurudi nyuma kwanza, kisha mbele, tukizunguka shamba lile la kijani kwa mbali. Bwana mkwe hakutapika. Nadhani alikuwa na shughuli nyingine.

Tulifika Kendu jua limeinama. Mama alitangulia kwa baiskeli, nasi tukafuata kwa miguu, tukipunguza mwendo kila tulipomwona mbele. Tulipolikaribia boma lao tulisikia vilio. Bwana mkwe alinishika mkono. Basi lilikuwa limefika mchana, na makanga, mtu mwaminifu, alikuwa amekishusha kikapu na kumpa jirani akipeleke. Kikapu kilifika nyumbani kimekaa vizuri, mkate haujaguswa, na mwenyewe hayuko. Wazee waliokuja kusikiliza kesi waliacha kesi, wakaanza kujiuliza amepotelea mto gani. Wanawake hawakungoja jibu.

Mama aliingia katikati ya kilio hicho, akasimama. Kilio kilikatika kipande kwa kipande, wa mwisho akiwa shangazi mmoja aliyekuwa amefumba macho.

"Nani amekufa?" aliuliza mama.

Shangazi akafumbua macho, akayafuta.

Baba mdogo, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alimtazama mama, akatutazama sisi tuliosimama mbali kwenye ua wa miti. "Huyo mkwe tulimwambia mchana," alisema. "Jua hilo hapo. Amechelewa. Mambo yameisha."

Nilimwona bwana mkwe akigeuka aende zake bila neno, kabati kamili. Ni mama aliyesema.

"Hakuchelewa. Aliondoka Kisumu asubuhi. Najua, nilikuwa naye."

Wazee waliokuwa wakiinuka wakageuka.

"Ulikuwa naye wapi?" aliuliza baba mdogo taratibu.

"Kwenye meli."

Wazee walikaa tena, wote kwa mara moja. Kesi ya mke na mume iliwekwa kando, maana sasa palikuwa na kesi kubwa zaidi.

"Meli ni nyumba," alisema mzee wa kwanza. "Ina paa, ina mlango. Wamekaa nyumba moja."

"Meli ni barabara," alisema wa pili. "Barabarani mtu hukutana na yeyote."

"Barabara gani hiyo inatembea?"

"Na nyumba gani inatembea?"

Hapo walikwama. Baba mdogo akaninyoshea fimbo. "Wewe wa mjini. Umesoma. Meli ni nini?"

"Mzee, mimi niliishia darasa la saba."

"Darasa la saba hawafundishi meli?"

"Hatukufika hapo."

"Basi tueleze ulichoona. Ndani kuna nini?"

Nikaeleza. Kuna magunia. Kuna jiko la chai, na chai inauzwa. Kuna mama wa vyungu, na wengine wa ndizi na dagaa wa omena. Watu wanapiga kelele, hawajuani, na kila mmoja anaingilia mambo ya mwenzake.

"Hilo ni soko," alisema baba mdogo, na uso wake ukafunguka. "Mbona hamkusema? Sokoni mtu anaweza kuwapo na mama mkwe wake, bora wasisimame kwenye fungu moja." Alitazama wenzake. Wakakubali kwa vichwa, wakiwa wamefurahi kama watu waliovushwa mto. Yule wa nyumba alinung'unika kwamba soko nalo halitembei, lakini alipuuzwa.

Mke alikuwa amesimama mlangoni pa jiko muda wote, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria. Alinijia mimi, si mumewe.

"Mama ameninong'oneza kwamba aliongea," alisema.

"Aliongea, Shemeji."

"Maneno mangapi?"

"Mengi. Meli nzima ilisikia."

"Meli nzima imesikia, na mimi bado." Akamgeukia mumewe. "Haya. Ongea."

Wazee wakatazama chini. Bwana mkwe alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Mimi nilishika mfuko wangu kwa mikono miwili.

"Chumvi ilitosha," alisema mwishowe. "Siku zote ilitosha. Ile ya siku ya kuku tu ndiyo ilizidi. Na ule mti ulioupanda mlangoni umeota majani mapya, na jirani mwenye cherehani anakuulizia, na mimi ugali wangu unaungua upande mmoja, sijui nakosea wapi. Na masikio yananilia. Sikuwahi kukuambia yananilia."

Mkewe alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. "Nitafunga vitu vyangu," alisema. "Kesho kutwa. Lakini siku utakapofunga mlango tena, mimi sipiti tena hapa kuuliza wazee." Akarudi jikoni haraka. Mle ndani nilisikia wanawake wakicheka.

Kulikuwa na kibanda cha vijana wa boma ambacho nilikwisha kukitupia jicho, kina kitanda cha kamba na kivuli kizuri. Mtu alinikaribisha nilale humo, na mimi nikashukuru kabla hajamaliza. Lakini bwana mkwe hakuweza kulala katika boma lile, kwa hiyo ilibidi apelekwe Kendu mjini atafute chumba, na mama akatuma neno kutoka ndani ya nyumba yake: mgeni wa Kisumu aende naye, amsemeshe njiani, asije akafunga tena kama kabati kabla ya kesho kutwa.

Kwa hiyo tulishuka wote wawili wakati mwanga bado upo. Mjini, si mbali na msikiti, tulipata nyumba ya mama mmoja wa Kiislamu aliyekodisha vyumba uani, vitanda viwili kila chumba, mashuka yamefuliwa. Alinikumbusha shangazi zangu kwa namna alivyotukagua miguu kabla ya kutukagua nyuso. Alitusalimu, akauliza tumetoka wapi na safari ilikuwaje. Niligeuka kumjibu, lakini bwana mkwe alikuwa ameshavuta kigoda akakaa. Alianza na mkokoteni wa miwa. Nikachukua ufunguo mkononi mwa yule mama, ambaye alikuwa ameanza kusikiliza, nikaenda kuchagua kitanda cha dirishani.